Ushauri: Maelfi walioachana miaka 2,400 wakikutana tena, uhusiano wao niuandike vipi?

Mtungaji_Kinda
Wakuu, salaam. Naandika riwaya ya fantasia na nimekwama. Nina jamii mbili za maelfi (elves, viumbe wa hadithi wanaofanana na binadamu ila huishi muda mrefu sana) waliokuwa taifa moja. Nusu walivuka bahari, nusu wakabaki msituni. Miaka 2,400 baadaye waliovuka wanarudi wakikimbia vita. Elfi wangu huishi miaka 1,200 na huanza kuzaa akifika 150. Nataka mambo matatu: lugha zao zisielewane kabisa, wawepo wazee walioshuhudia utengano kwa macho yao, na wapatane kwenye karamu kubwa sura ya 20. Waliosoma rasimu wanasema uhasama wao hauna uzito. Nirekebishe wapi?

Kitasa
Mkuu, anza na hesabu, maana mawili kati ya hayo matatu yanagongana.

Miaka 2,400 ni maisha mawili kamili ya elfi wako. Mzee kuliko wote aliye hai leo alizaliwa miaka 1,200 baada ya utengano, wakati hata waliokuwa vichanga siku ile wanazikwa. Shahidi huna, una mtu aliyesimuliwa na shahidi. Ukimtaka shahidi mwenyewe, shusha utengano hadi miaka 900. Aliyekuwa na miaka 200 siku ile sasa ana 1,100: mkongwe, akili timamu, na bado anamkumbuka kwa jina aliyemnyima nafasi kwenye jahazi.

Lakini ukishusha miaka, lugha inakukatalia. Lugha hubadilika zaidi pale mtoto anapoipokea kwa wakubwa, kwa hiyo hesabu vizazi. Miaka 2,400 gawa kwa 150 ni vizazi 16. Kwa binadamu, ukichukua kizazi cha miaka 25, hiyo ni miaka 400. Waholanzi walianza kukaa Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, mwaka 1652, na hadi leo msemaji wa Kiafrikana, lugha iliyotokana na Kiholanzi chao, na Mholanzi wanasomeana maandishi, ingawa kwa taabu kidogo. Miaka 900 ni vizazi 6, sawa na miaka 150 ya binadamu. Hapo una lafudhi tofauti na maneno machache ya kuchekana, basi.

Ukitaka wasielewane, muda peke yake hautoshi. Tafuta sababu ya pili: upande mmoja uliishi na watu wengine, na watu wazima wengi wa huko wakajifunza lugha ya maelfi ukubwani. Mtu mzima hupunguza minyambuliko (mabadiliko ya umbo la neno) na huleta sauti za kwao. Kiafrikana kilipoteza mnyambuliko wa vitenzi kwa nafsi katika mazingira ya namna hiyo, Rasini. Ila ukiandika hivyo, hao watu wengine waonekane kwenye riwaya. Wanaishi wapi, wameoana na nani, wanazungumza nini sokoni?

Bibi_Sarufi
Naongezea kwenye lugha. Usibuni lugha mbili. Buni moja ya zamani, maneno 40 tu, kisha kila upande upe kanuni mbili au tatu za sauti na uzitumie bila huruma.

Mfano: maneno ya kale ni *keru* (mto), *takilo* (mti), *sipora* (nyota). Waliobaki msituni: irabu ya mwisho inadondoka, na k, p, t kati ya irabu zinakuwa g, b, d. Wanapata *ker, tagil, sibor*. Waliovuka: k mbele ya i au e inakuwa ch. Wanapata *cheru, tachilo, sipora*. Msomaji akiona *ker* na *cheru* ananusa undugu bila kuambiwa. Msomaji wa Kiswahili amezoea haya: Unguja ni macho, njaa, mchele, Mvita ni mato, ndaa, mtele. Wanaoharibu ni wale wanaobadili neno moja moja kwa kuona linasikika tamu. Wakifika sura ya kumi hawana kanuni, na majina ya miji yanaanza kupingana.

Majina ya mahali yaache ya kale zaidi. Mto huwa haubadilishi jina kwa sababu wakimbizi wamefika.

Mlinzi_wa_Mpaka
Kuhusu uzito wa uhasama, itazame kazi ya Tolkien, mwandishi Mwingereza wa fantasia, *The Silmarillion* (1977), jinsi Wanoldor, maelfi waliorudi kutoka ng'ambo, wanavyopokelewa na Wasindar, maelfi waliobaki. Mfalme Thingol wa Wasindar hawapokei kama kundi moja. Kwenye nchi yake, Doriath, anawaruhusu watoto wa Finarfin, mwana wa mfalme wa Wanoldor, pekee, kwa kuwa mama yao ni binti wa Olwë, ndugu yake Thingol. Wengine anawagawia maeneo ya kukaa, kana kwamba ardhi yote ni yake kugawa, na wakubwa wa Wanoldor wanaudhika. Hapo tayari una ukoo, ardhi na heshima, na bado hakuna aliyechomoa upanga.

Halafu inakuja siri. Wanoldor walipoondoka ng'ambo waliwaua Wateleri, maelfi wa pwani, kwenye bandari ya Alqualondë ili wachukue merikebu zao. Wateleri hao ni watu wa Olwë yuleyule. Habari inamfikia Thingol kwa kuchelewa, watu wakiwa wameshakaa pamoja. Angalia hukumu yake ilivyo na ngazi: watoto wa Finarfin anawafukuza kwa muda, wanaweza kurudi. Watu wa Fingolfin, kaka yake Finarfin, anabaki rafiki yao, kwa sababu walilipia kwa kuvuka barafu kwa miguu. Kisha anapiga marufuku lugha ya Wanoldor katika himaya yake yote. Wasindar wanatii, na lugha ile inabaki ya mabwana na ya elimu. Adhabu moja, na inaingia kila nyumba kila siku.

Kwako fanya hivi. Chora jedwali la watu wanane, wanne kila upande. Kwa kila mmoja andika alikuwepo au hakuwepo, alipoteza nani, anajua nini, na nini amefichwa. Safu ya mwisho ndiyo inayozaa matukio. Rasimu nyingi za aina hii zinakwama kwa sababu kila elfi wa upande mmoja anajua mambo yaleyale na ana chuki ileile.

Mtungaji_Kinda
Asanteni sana. Nashuka hadi miaka 900, na waliovuka waliishi na wavuvi wa visiwani. Karamu niitoe?

Mlinzi_wa_Mpaka
Usiitoe, isogeze mbele. Karamu ya Wanoldor na Wasindar, Mereth Aderthad, inafanyika mapema, watu wanaapiana undugu, na ukweli unatoka baadaye. Kiapo kinauma zaidi kikivunjika kuliko kama kisingekuwepo. Weka karamu sura ya 7, siri itoke sura ya 12 au 13. Mapatano ya mwisho yawe madogo na ya watu maalumu: mkataba wa maji ya mto, ndoa moja, mateka kurudishwa.

Kitasa
Na kwenye mkataba huo angalia tarehe. Waliovuka watakuwa wanahesabu miaka tangu siku ya kuondoka; wa msituni labda tangu mfalme wao alipotawazwa. Wakiandika "mwaka wa 912" bila kusema wa nani, kila upande utasoma siku tofauti ya kuhama bondeni. Mpe mwandishi wa mkataba jina na uso, maana lawama yote itamwangukia yeye.