CX-5 ya petroli au ya dizeli kwa mizunguko ya Dodoma na safari za Kibaigwa?

zabibu_ilazo

Wakuu, habari za jioni. Nataka kuagiza Mazda CX-5 ya 2014 au 2015 kutoka Japani, nimekwama kwenye injini tu: petroli ya cc 1997 au dizeli ya cc 2188. Nakaa Ilazo, kazini mjini, asubuhi nashusha watoto shule. Kwa siku hazizidi kilomita 15, na zote za vipande vipande. Mara mbili kwa mwezi naenda shamba Kibaigwa, lami hadi pale halafu vumbi kama kilomita 12, narudi na gunia mbili tatu za mahindi. Kijiweni kila mtu ananiambia dizeli inakula kidogo na ina nguvu. Kwa matumizi haya inalipa kweli?

nozeli_tupu

Mkuu, kwa kilomita 15 za vipande achana na hiyo dizeli. Siyo mbovu, ila imetengenezwa kwa mtu anayekwenda mbali.

Kwenye ekzosi yake kuna kichujio cha masizi, ile DPF. Masizi yanajaa humo, yakifika kiwango kompyuta inayachoma yenyewe: nozeli zinamwaga dizeli ya ziada baada ya mlipuko, joto ndani ya kichujio linapanda hadi nyuzi 600 hivi, masizi yanaungua. Zoezi hilo linataka dakika 15 hadi 20 za kutembea mfululizo injini ikiwa ya moto. Wewe toka Ilazo hadi shuleni injini haijapata joto, unazima. Shuleni hadi kazini limeanza kuchoma, unazima tena. Kila ukizima katikati, kazi inaanza upya safari inayofuata.

Sasa ile dizeli ya ziada haiishii yote kwenye ekzosi. Nyingine inapita pembeni ya ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Chomoa kijiti cha oili cha CX-5 ya dizeli utaona juu ya alama ya F (imejaa) kuna alama ya X. Hiyo X imewekwa kwa sababu kwenye gari hili oili *huongezeka*. Mtu asiyejua anafurahi kwamba injini yake hailambi oili, kumbe ni dizeli imejichanganya humo. Oili inakuwa nyepesi kama maji, na wa kwanza kuumia ni tabo (turbo), ambazo kwenye injini hii ziko mbili. Ikigusa X, mwaga oili yote bila kujali umetembea kilomita ngapi.

Halafu mafuta. Dizeli yetu Afrika Mashariki kiwango chake cha salfa ni 50 kwa milioni, Japani ni 10. Masizi yanaungua, ila majivu ya salfa na ya oili hayaungui, yanabaki kwenye kichujio milele. Ndiyo maana oili yake lazima iwe ya majivu kidogo, kopo limeandikwa DL-1 au C3. Ukiweka ile oili ya dizeli ya malori, unajaza kichujio kwa mkono wako mwenyewe.

hesabu_kwanza

Na namba nazo tuzitazame. Kwa maelezo yako unatembea kama kilomita 800 kwa mwezi: 390 za mjini, 410 za Kibaigwa. Chukulia petroli inakupa kilomita 10 kwa lita na dizeli 13. Petroli ni lita 80, dizeli ni lita 61 na nusu. Tofauti lita 18 na nusu. Kwa mfano wa bei ya 3,000 kwa lita, unaokoa 55,500 kwa mwezi. Kama dizeli imekuzidi bei milioni 4 hadi inafika mkononi, unahitaji miezi 72, miaka 6, na hapo hujagusa nozeli hata moja. Mtu wa kilomita 4,000 kwa mwezi, mfano anayekwenda Dar kila wiki, hesabu yake inageuka kabisa.

Usiseme pia dizeli ni rahisi pale sheli. EWURA inatoa bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kuna miezi dizeli iko juu ya petroli.

Kodi ndiyo watu wanaisahau. Ushuru wa bidhaa unakwenda kwa cc: 1001 hadi 2000 ni asilimia 5, ikivuka 2000 ni asilimia 10. Hiyo 1997 imepita chini ya kamba kwa cc 3, ile 2188 imeshavuka. Juu yake kuna ushuru wa uchakavu, miaka 8 hadi 10 tangu litengenezwe asilimia 15, zaidi ya 10 asilimia 30, kwa hiyo usiangalie injini tu, mwaka wa gari unauma kuliko cc. Halafu VAT inakaa juu ya yote hayo. Ingiza kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujamtumia wakala hela, maana viwango vinaguswa kwenye bajeti za Juni na TRA wana thamani yao ya gari, si ile ya invoisi yako.

dereva_wa_T3

Napingana kidogo. Mnamlinganishia na DPF kana kwamba dizeli zote zinayo. Kuna Prado za injini ya 1KZ na Hilux za zamani zilizotembea hapa nchini, namba za usajili za herufi C na D, hazina hicho kichujio na hazina habari na salfa. Kwa vumbi na magunia hizo ndizo gari.

nozeli_tupu

Kweli hazina DPF, lakini zina matatizo yake. 1KZ ikichemsha mara moja tu silinda hedi inapasuka, na nyingi zimeshachemshwa na mwenye nazo hasemi. Fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya baridi, washa, mwambie mtu akanyage mafuta taratibu: mapovu yakitoka mfululizo, gesi inapita kwenye hedi, ondoka. Taa ya T-BELT (mkanda wa taimingi) kwenye deshibodi inawaka kila kilomita 100,000, wengine wanairudisha sifuri bila kubadili mkanda, kwa hiyo omba ufunguliwe kava uuone kwa macho.

Prado za injini ya 1KD, zile za komoni reli (bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote), angalia washa za shaba, yaani viringi vya kuzibia, chini ya nozeli. Zikivuja, moshi wa mlipuko unaingia kwenye oili, unatengeneza lami nyeusi inayoziba chujio la kunyonyea oili chini kwenye sampu. Taa ya oili inawaka injini imeshakufa.

Na kwa yeyote mwenye Prado au Hilux ya dizeli: chini ya filta ya mafuta kuna koki. Kila mwezi ifungue kidogo, kinga kwenye chupa safi ya maji ya nusu lita, iache dakika 10. Maji yanatulia chini, dizeli inapanda juu, utaona mstari kabisa. Ukiona maji, endelea kumwaga mpaka ije dizeli tupu, kisha pampu kwa mkono mpaka pampu iwe ngumu. Maji kwenye komoni reli yanatia kutu nozeli. Dizeli ya madumu huko vijijini ndiyo inayoleta haya, na ikichanganywa na mafuta ya taa ni balaa, kwa sababu pampu inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili nyingine.

zabibu_ilazo

Shukrani sana wakuu. Lakini kuna fundi kaniambia nikinunua dizeli anaikata DPF, tatizo limekwisha. Na hiyo nguvu mbona hamjaigusa?

nozeli_tupu

Nguvu ipo, hakuna ubishi. Ile dizeli inatoa Nm 420 za nguvu ya kuzungusha kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, petroli ya 2.0 inatoa 196 kwenye 4,000. Kwenye kilima na mzigo utaisikia tofauti. Ila gunia 3 za kilo 100 ni sawa na watu wazima wanne, na CX-5 ni gari la watu watano. Ukipanda wewe na gunia zako, umeshajaa. Ukiongeza familia juu yake, springi za nyuma zinalala, iwe petroli au dizeli.

Kukata: fundi akitoboa kichujio tu bila kuandika upya kompyuta, kompyuta haijui. Itaendelea kumwaga ile dizeli ya kuchoma masizi yasiyokuwepo, na oili itaendelea kupanda vilevile. Ndiyo maana ukikagua dizeli iliyokwisha kutumika nchini, chukua tishu nyeupe, ingiza kidole ndani ya bomba la ekzosi, sugua. DPF nzima inaacha bomba karibu safi. Tishu ikitoka nyeusi tii, ama imekatwa ama imepasuka.

Jingine dogo: mfuniko wa tangi wa dizeli ya Japani umeandikwa Kijapani, keiyu, kijana wa sheli hasomi, na mpira wa petroli unaingia bila shida. Bandika stika ya Kiswahili. Wakikosea, usiguse hata swichi, gari livutwe, tangi limwagwe.

hesabu_kwanza

Akichukua petroli pia asilale. Nayo inapiga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, vali za kuingizia zinashika kaboni. Oili lita 4 na kidogo, mizunguko mifupi na vumbi hili ibadilishe kila kilomita 5,000. Giaboksi ni oili ya Mazda iitwayo FZ tu, fundi akikuwekea ya kawaida gia zitaanza kugonga. Na rejeta usiongeze maji ya bomba, ya hapa yana chumvi, yanaacha magadi kwenye vijia. Weka kulanti (kimiminika cha kupoozea injini) ya FL22.

Ukitoka shamba, fungua boksi la filta ya hewa, pitisha kidole ndani ya bomba *baada* ya filta. Kidole kikitoka na vumbi, filta haikai vizuri kwenye mdomo wake, ibadilishe siku hiyohiyo. Ukiipuliza kwa upepo, toa ndani kwenda nje, kwani ukipuliza kwa nje unalisukumia vumbi ndani ya karatasi.

zabibu_ilazo

Basi 1997. Plagi zake nibebe kabisa kutoka Japani au hapa zipo?

hesabu_kwanza

Zipo, 4 za iridiamu. Gonganisha namba ya kwenye boksi na ya kwenye plagi yenyewe kabla ya kulipa. Feki, herufi za kwenye kauri zinafutika ukisugua kwa kucha.