Tupeane uzoefu: maskani yako ya zamani Mombasa, na wale uliokaa nao

Mwana wa Kibokoni (mwanzisha mada)

Wakongwe, salaam aleikum, na hamjambo nyote.

Utani wetu wa kila siku, nani mzee zaidi, nani alimaliza mahamri ya mwenziwe, leo nautaka kwa mpango. Kila mmoja atuambie maskani yake ilikuwa mtaa gani, mulikuwa mukifanya nini, na kama ilivunjika, ilivunjwa na nini. Majina ya watu musiweke, wengine sasa wana wakwe.

Naanza mimi. Yetu ilikuwa Kibokoni, baraza ya saruji ya nyumba ya fundi cherehani mmoja. Baada ya isha alikuwa akipita muuza kahawa, dele mkono mmoja na makaa yakiwaka chini yake, finjani mkono wa pili akizigonganisha. Ukiusikia ule mlio uko ndani wala chakula, wamaliza haraka utoke. Kahawa chungu, kashata ya njugu, tangawizi kwa mwenye kifua. Sheria ilikuwa moja na haikuandikwa popote: anayelipa hasemi. Mwenye siku mbaya alikunywa sawa na mwenye siku nzuri, na hakuna aliyemtazama mara mbili.

Utani nao ulikuwa hauna huruma. Ukinyoa vibaya, ukivaa viatu vipya, ukikosa jibu, basi wiki nzima ni wewe. Kulikuwa na mwenzetu tukimwita Bwana Kesho kwa sababu ya madeni yake. Kila akikaa lazima mtu amuulize leo ni siku gani. Babake alipofariki, usiku wa manane, sisi tulifika kabla ya jamaa zake. Mmoja akaenda Kikowani kwa habari ya kaburi, mwengine akatafuta turubai na viti, wengine alfajiri wako Marikiti kwa mchele na nyama ya matanga. Mbele kabisa alikuwa yule aliyemtania zaidi, na ndiye aliyelala pale siku zote za matanga. Tangu hapo mimi mtu asiyenitania simhesabu rafiki, namhesabu mtu tunayejuana.

Haya, nani yuwafuata?

Babu wa Sparki

Aleikum salaam, mwanangu. Umeanza vyema ila umeanza karibu. Mimi nilikuwa mtoto wa chuo cha Kurani wakati Feisal, timu yetu ya mpira, ilipochukua ubingwa wa Kenya, 1965. Kombe kuja Mombasa! Watoto tulikimbia mtaa hadi mtaa bila kujua twaenda wapi.

Maskani yetu ya ukubwani ilikuwa Sparki chini ya mwarobaini, na kazi ilikuwa dama. Ubao tulipiga msumari juu ya kreti, miraba tukaichora kwa makaa na chokaa. Kete zilikuwa vizibo vya soda: wangu wamelala kifudifudi, wako wametazama juu. Ukipata king wapandisha kizibo juu ya kizibo. Wachezaji wawili, wasemaji ishirini. Na msemaji wa dama hana adabu, atakwambia "hapo umeshakufa, nenda kaoge" na wewe bado wafikiria.

Jumapili twavuka Nyali kwa miguu kwenda maembe Kisauni. Vijana hamulijui daraja lile la zamani. Lilikuwa la kuelea, liliwekwa 1931, na kulivuka ni kwa malipo. Maji yakijaa lapanda, maji yakitoka lashuka, na sisi twapanda na kushuka nalo. Hili la saruji munalolijua lilifunguliwa 1980. Kwa hivyo Januari 2021, walipofungua lile la kuelea la Liwatoni kwenda Likoni na watu wakaona ni maajabu, sisi wa mwarobaini tulitazamana tu.

Mtoto wa Magongo

Shikamoo Babu. Hiyo 1965 nimeisikia tangu nijiunge na nyinyi, na kila ukiisimulia watoto waliokimbia huongezeka. Lakini Bandari nao ni wa Mombasa, na 2019 walichukua Ngao ya FKF, shirikisho la soka la Kenya. Hiyo mbona haupigii kelele?

Sisi maskani yetu ilikuwa Changamwe, njia ya refainari. Wazee wetu wengi walikuwa wakifanya kazi huko au wakiuza chakula kwa waliofanya kazi huko. Sisi vijana tulikaa kwenye bomba la zege lililoachwa kando ya barabara, tukiwangojea watoke shifti, kwa sababu mzee akitoka na marafiki zake hawezi kukunyima ya soda mbele ya watu. Walikuwa wakitutania: "Hawa ndio mainjinia wa bomba." Wawili kati yetu wakawa mainjinia kweli.

2013 refainari ikaacha kusafisha mafuta. Maskani ilikwisha polepole, haikwisha siku moja. Kwanza alihama mama wa chapati, kwani wateja hawakuwepo. Kisha wazee wakawa hawana pa kutoka jioni. Babangu kwa muda mrefu alikuwa akivaa shati lake saa ileile ya shifti, akaenda kukaa pale kwenye bomba na wenzake wawili watatu. Sisi tukawa ndio twawanunulia soda.

Babu wa Sparki

Marahaba. Bandari ni wajukuu zangu, nawapenda na Ngao yao naiheshimu. Lakini Ngao si ligi. Walete ligi, nitakimbia mtaa hadi mtaa na magoti haya haya.

Na babako mpe salamu zangu. Mwambie kwetu pia jioni watu wapo.

Bi Leso wa Bondeni

Nyinyi wanaume mwafikiri maskani ni yenu peke yenu kwa kuwa yenu iko njiani. Yetu ilikuwa uwani, Bondeni, baada ya alasiri. Huyu yuko juu ya mbuzi akuna nazi, yule ashona kofia ya vito, mwengine amsuka mtoto ambaye hataki kusukwa. Mikono yote ina kazi, kwa hivyo midomo iko huru. Habari ya mji ilipita kwetu kwanza. Hiyo kahawa munayojisifia mulikuwa mukiinywa na habari za jana.

Utani wetu ulikuwa kwenye leso. Shoga akikukasirikia hasemi neno. Asubuhi aja kuazima kijiko, na akigeuka kwenda zake waona maandishi ya mgongoni. Wasoma, wacheka, na kesho wajifunga yako ya kumjibu wapita mlangoni kwake pole pole. Tulikuwa tukienda Mtaa wa Biashara, pale Mali ya Abdulla, tukapekua jozi mpaka tupate neno linalofaa. Rangi ilikuwa baadaye.

Harusi ikija ni sare. Wote leso moja, usiku wa vugo, pembe zinapigwa, nyimbo za mafumbo mpaka jirani afunge dirisha. Mwaka mmoja shoga yetu hakuwa na pesa ya leso na hakutaka kusema. Akatuma mtoto kwamba ana homa. Kulikuwa na mwenzetu ambaye hao wawili hawakupitana bila kupigana vijembe, mtaa mzima wajua. Huyo ndiye aliyechukua jozi yake mpya, akaikata katikati pale inapokatwa, akaenda nyumbani kwa "mgonjwa", akamrushia kipande kimoja kitandani: "Homa gani hiyo haipandi joto? Inuka, wewe chini mimi juu." Wakaja pamoja, kila mmoja na kipande kimoja cha sare, cha pili ni leso yake ya zamani. Usiku ule hao ndio walioongoza vugo. Vijembe vikaendelea kesho yake kama kawaida.

Lile ua limejengwa ghorofa sasa. Tulibaki wanne, twaonana Ijumaa.

Mla Mihogo

Yangu fupi. Mama Ngina Drive, Laithausi, jioni za Jumapili. Muhogo umechomwa hadi ganda limekuwa jeusi, apasua katikati, apaka ndimu iliyochovywa kwenye chumvi na pilipili, akupa kwenye gazeti. Dafu pembeni. Meli zikiingia Kilindini twabishana zatoka wapi, na aliyeshindwa alipa muhogo. Walipopatengeneza upya 2019 pamekuwa pazuri, pana ngazi na taa, siwezi kusema uongo. Lakini mimi na wenzangu twakaa palepale kwenye ukuta wa mawe. Bado twabishana meli.

Mwana Mtongwe

Nimesoma zote na nimecheka. Yangu ina msiba ndani yake, mutanisamehe.

Maskani yetu haikuwa na baraza wala mti. Ilikuwa ni feri ya asubuhi ya Mtongwe. Watu wa vibarua vya bandarini, wauza mboga, makarani, wanafunzi, kila mtu na pembe yake. Ukisimama upande uleule kila siku, haupiti muda wajua nani mtoto wake amefaulu, nani anaumwa jino, nani amehamia kwa mkwewe. Pembe yetu ilikuwa na mama wa mahamri. Ndoo nyeupe, kitambaa cha maua, na daftari la madeni ambalo hakuwahi kulifungua mbele ya watu. Asiye na pesa alimwambia, "Kula, deni halizami."

Tarehe 29 Aprili 1994 feri ikapinduka, si mbali na ukingo. Wakafa watu 272. Mimi nilikuwa nimetoka shifti ya usiku, niko ng'ambo ya kisiwani nangojea kuvuka kurudi nyumbani. Niliwaona watu wakikimbilia majini kabla sijaelewa wanakimbilia nini.

Mama wa mahamri hakurudi. Nilikuwa na deni lake, nikampelekea bintiye. Hakutaka kupokea, akasema mamake hakumwachia daftari lolote. Nikamwekea mkononi nikamfunga vidole.

Waliosalia wa pembe yetu twajuana mpaka leo. Aprili ikifika hupigiana simu, hatusemi mengi. Na sisi mtu akisafiri popote, hata ni Nairobi kwa treni, swali letu ni lilelile: umeshavuka?

Mwana wa Kibokoni

Mungu awarehemu wote. Ahsante kwa kutuambia, kaka. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka mitaa yote ya kisiwani ilikuwa na turubai, na hakuna baraza iliyokaa watu wiki ile, wote walikuwa matangani.

Tuendelee taratibu. Nani mwengine?

Niko Muscat

Mimi naandika kutoka mbali lakini maskani yangu ni ngazi za sinema ya Naaz. Regal tulikwenda pia, ila Naaz ndiyo nyumbani. Picha za Kihindi, na hakuna kati yetu aliyejua Kihindi. Basi palikuwa na mmoja aliyejitia anajua. Yuwatafsiri kwa sauti kubwa mwanzo hadi mwisho, na tafsiri yake huwa na majina ya watu wa mtaa wetu. Jambazi akitokea tu yuwataja jina la jamaa wa viti vya mbele. Ukumbi mzima wacheka mahali ambapo Wahindi wanalia.

Sinema zilifungwa moja moja, video ikaingia majumbani. Mimi nikaja Omani kutafuta riziki. Mwaka wa kwanza nilikuwa mpweke sana, sifichi. Siku moja nimesimama kwenye foleni nikasikia nyuma yangu Kiswahili, na wazee wa Kiomani wanaozungumza Kiswahili ni wengi hapa, lakini hii sauti ilikuwa ya kwetu. Kugeuka, ni yeye mfasiri. Hata salamu hakutoa. Aliniita lile jina la jambazi, mbele ya watu wote. Nilimkumbatia mpaka foleni ikatupita.

Sasa twakaa kila Alhamisi, sisi na vijana wapya wanaotoka Likoni na Kisauni. Mgeni akifika, mfasiri humpa jina la utani siku ya kwanza, na siku ya pili huulizwa ana godoro na kazi au bado.

Kichochoro

Mimi wa Mji wa Kale, karibu na Ndia Kuu. Yetu haijavunjika, ila nitasema ya Mei 2020. Korona imeingia, Mji wa Kale umefungwa, hakuna kutoka wala kuingia, na ilikuwa Ramadhani. Baraza tupu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona kuta zetu bila watu.

Vichochoro vyetu wavijua, dirisha na dirisha mtu aweza kupeana chumvi. Basi usiku baada ya tarawehe ya nyumbani, mzee wa ghorofa ya pili alifungua dirisha akapiga kikohozi chake kile tunachokijua. Akajibiwa kwa kikohozi kutoka ng'ambo. Haikupita nusu saa madirisha yote yako wazi, mjadala umeanza: tende za mwaka huu ni mbaya kuliko za mwaka jana au la. Watu walipiga kelele mpaka daku. Wenye shida ya chakula tuliwajua kwa njia hiyo, kwani mzee alikuwa akiuliza kwa zamu kila dirisha limefutari nini, na lililokawia kujibu, asubuhi kikapu kilikuwa mlangoni kwake.

Mtoto wa Magongo

Babu, nimempa mzee salamu zako. Ameuliza huko Sparki munacheza dama kwa kula kurudi nyuma au kwenda mbele tu.

Babu wa Sparki

Kete yala mbele tu, king ndiye arudi nyuma. Mwambie aje Jumamosi baada ya alasiri. Vizibo vipo, ubao upo, na wasemaji ndio wamezidi.

Bi Leso wa Bondeni

Mukimaliza huyo mgeni mumuulize kama atakula. Nyinyi munaweza kumpa kahawa tupu mpaka magharibi. Nitatuma kachri na mkate wa sinia. Na hiyo sinia nataka irudi.