Kabati la faili kuwa jiko la moshi: tupeane uzoefu

Mkwe wa Makindye
Jamani, naanza na aibu yangu ili wengine wasione haya kutoa zao.

Mwezi wa pili kuna ofisi hapa Kampala ilikuwa inahama, wakauza samani za zamani. Nikapata kabati la chuma la faili, droo nne, kwa 70,000. Wa boda aliliangalia akasema yeye habebi jeneza la kusimama. Likapanda pikapu ya jirani mpaka Katwe. Fundi akakata vitako vya droo tatu za juu, akaweka nondo nyembamba badala yake, ya chini ikabaki ya moto. Juu akatoboa tundu na kuchomelea bomba. 60,000 nyingine hiyo.

Jumapili nikaita mashemeji. Kuku wawili, mbavu za nguruwe kilo tatu. Nikawasha mkaa, nikatupia kuni za mwembe, nikafunga droo kwa madaha kama karani mkuu. Haikufika nusu saa moshi ukawa mweusi, harufu ya soksi ya nailoni iliyoangukia kwenye sigiri. Nachungulia: rangi ya kijivu ndani inavimba mapovu na kudondokea mbavu. Vigurudumu vya plastiki vya reli navyo vimeyeyuka, droo ya pili imekwama na kuku ndani. Shemeji mkubwa akaja na nyundo. Tuliishia kuagiza chipsi.

Nani mwingine amejaribu? Toeni na yenu.

Fundi Bombo
Pole, lakini fundi wako alikuacha njiani. Kabati huchomwa tupu kabla ya nyama kulisogelea. Mimi kwanza natoa kila kisicho chuma: vishikio, kufuli, vigurudumu, mipira ya mlangoni, na ile grisi ya reli nafuta yote. Halafu moto mkali wa kuni, droo wazi nusu, saa mbili au tatu, nje, mbali na nyumba, na hakuna mtoto wa kuzungukazunguka hapo. Likipoa, brashi ya waya na msasa mpaka chuma kionekane. Mwisho napaka mafuta ya kupikia ndani, nawasha tena moto wa wastani hadi yashike na kuwa meusi. Bila hayo mafuta kutu inarudi baada ya mvua moja.

Kabati la zamani sana mimi silichomi wala kulisugua, nalikataa tu. Rangi za zamani ziliwekwa risasi, na risasi haiondolewi na moto.

Halafu angalia kama chuma kimepakwa zinki, ule mng'ao wa bati jipya. Nyama yenyewe inaiva kwa joto dogo, lakini pale mkaa unapolala joto linapita nyuzi 419 ambazo zinki huyeyuka. Niliwahi kuchomelea geti la namna hiyo ndani ya stoo iliyofungwa. Jioni, kwa ule moshi wa zinki, natetemeka kama mwenye malaria, kwenda kupima, malaria hakuna. Wenzangu wakasema ninywe maziwa. Nilimaliza lita nzima nikaendelea kutetemeka vilevile hadi asubuhi.

Ya nguruwe sijui, mimi ni mtu wa ng'ombe.

Kijana wa Busia
Kwani zile kilo tatu zilienda wapi?

Mkwe wa Makindye
Mbwa wa jirani alinusa akaenda zake.

Mama Masese
Wanangu, nyinyi mnaongea chuma, mimi niongee moshi. Nimekausha samaki hapa Masese tangu mtoto wangu wa kwanza yuko mgongoni, na sasa ana ndevu. Natumia pipa. Huyo mwenye ndevu ndiye aliyeniletea kabati la droo, nikamcheka, halafu nikalijaribu alipoondoka.

Kosa lilikuwa matundu. Alitoboa moja dogo juu na moja dogo chini, akidhani moshi ukifungiwa ndiyo utaingia kwenye samaki. Moshi uliokosa njia unalala, unatoa jasho jeusi linaloganda kwenye kuta na kudondoka. Sato wangu walitoka wachungu kama dawa ya minyoo. Nikamwambia apanue: chini matundu matatu ya upana wa vidole viwili, na kibati cha kusukuma ili nipunguze hewa, juu bomba lisilozibwa kabisa. Sasa nautazama moshi unaotoka. Ukiwa mweupe mzito nasubiri, samaki hawaingii. Ukipungua hadi uonekane kama ubuluu hivi, ukitaka kukosekana, hapo naweka.

Na samaki asiingie na maji. Napasua, naosha, natia chumvi, natundika kivulini penye upepo mpaka ngozi ishike kidole. Mputa, yaani sangara, akiwa mkubwa nakata vipande, mafuta yake ni mengi, yakidondokea mkaa moto unaruka. Kwa hiyo juu ya moto naweka sinia la maji. Droo ya chini inaiva haraka, ya juu inakauka polepole, basi katikati ya kazi nazibadilisha.

Kuni: mwembe, mpera, mfenesi, zilizokauka. Mkalitusi na msonobari acheni, utomvu wake unaingia kwenye nyama. Na mbao za ujenzi zilizopakwa dawa msithubutu, hata kama zimelala tu hapo uani.

Anyadwe wa Arua
Mimi niliona kabati ni ghali nikatumia friji bovu. Msifanye. Ndani plastiki, katikati sponji. Moto ulipoifikia sponji tulikimbia wote, na kuku wa kienyeji akabaki humo. Rafu zake nazo nikataka kuzihamishia kwenye pipa, fundi akanikatalia, akasema za zamani nyingine zimepakwa madini yenye sumu. Siku hizi nanunua samaki wa angara waliokwisha kukaushwa kutoka Panyimur na nimetulia.

Ntinda Ghorofani
Nunueni vipimajoto viwili, kimoja cha droo na kimoja cha kuchoma ndani ya nyama. Droo naiweka kati ya nyuzi 107 na 120. Kuku natoa paja likifika 74. Mbavu zinakula masaa matano, bega la nguruwe ni kazi ya kutwa, na hapo katikati joto la nyama linagoma kupanda kwa muda mrefu sana, msiogope mkaongeza mkaa kama nilivyofanya mimi.

Bati la kabati ni jembamba, upepo ukipiga joto linashuka. Nimepanga matofali sita kwenye droo ya moto, yanashika joto. Mvua ilinikuta siku moja nikaburuta kabati ndani ya gereji na kufunga mlango. Baada ya dakika kadhaa kichwa kinagonga na miguu haina nguvu. Mke wangu ndiye aliyenivuta nje. Sasa mvua ikija, nyama inahamia kwenye oveni, na kabati linalowa.

Mkwe wa Makindye
Nimerudi. Nimechoma kabati tupu Jumamosi, jirani akaja kuuliza kama nachoma tairi. Nimesugua, nimepaka mafuta, nimepanua matundu kama alivyosema Mama Masese. Leo nimeanza na ngege, yaani sato, wawili wa Ggaba tu, sikuita mtu. Ngozi imekuwa rangi ya chai ya maziwa, nyama inaachia mfupa. Wa pili nimemla nimesimama hapo hapo kwenye droo.

Sema droo ya pili bado inakwama. Fundi, ukishachoma reli unaweka grisi gani?

Fundi Bombo
Hakuna grisi, ssebo (bwana). Mafuta ya kupikia kidogo, kwa kitambaa. Na hiyo droo ilipigwa nyundo, mlete shemeji aje ainyooshe.