Chalenji ya wiki: kipande kimoja kinapendeza, kikijirudia naona mistari tu

nondo_wa_taa
Wakuu habari za saa hizi. Naomba msaada kwa wanaochora dizaini za vitambaa na wolpepa kwa ajili ya hizi chalenji za kila wiki. Wiki hii mada ni bustani usiku na rangi zinazoruhusiwa ni nne tu, mimi nimechora nondo mkubwa (yule mdudu wa usiku), bawa moja lina doa jeupe, pembeni nimejaza maua na majani. Kipande, yaani ule mchoro mmoja unaorudiwa kujaza kitambaa, ukikitazama peke yake kiko safi, kingo zinaungana, mshono huuoni, ila nikijaza ukurasa mzima lile doa jeupe linajipanga kama askari wa gwaride, juu chini kushoto kulia, jicho haliendi kwingine kabisa. Nimemtoa nondo katikati nikampeleka kwenye kona, bado vilevile. Hii dawa yake nini? Ni lazima niingie kwenye kushusha nusu, yaani kila safu ya pili ya vipande ishuke nusu ya urefu, au kuna njia nyingine? Natumia Krita, ile programu ya kuchorea. Na lingine, nyie mnamalizaje ndani ya wiki, maana mimi siku za mwanzo zote zinaishia kwenye kuwaza nichore nini.

fundi_marudio
Kumhamisha hakutasaidia mkuu. Ukiwa na doa moja kwa kila kipande, uliweke katikati uliweke pembeni, umbali kutoka doa hadi doa ni uleule, kwa hiyo safu zitakuwepo tu. Kinachotakiwa ni doa lisiwe peke yake. Weka nondo wengine wawili ndani ya kipande hichohicho, mmoja mdogo, mmoja kageukia upande mwingine, wote wawe na weupe, halafu wapange wasikae kwenye mstari mmoja wa kulala wala wa kusimama. Jicho likishapata pa kurukia halitahesabu tena.

Halafu angalia na mapengo. Watu wengi wanahangaika na kile kinachong'aa wanasahau sehemu tupu, na pengo moja kubwa kwenye kipande likijirudia linatengeneza barabara nyeusi inayokatiza kitambaa chote, wakati mwingine inaonekana kuliko hata hilo doa lako. Kwenye Krita bonyeza W, turubai inajirudia pande zote, punguza ukubwa mpaka uone vipande vingi kwa pamoja, kisha finya macho. Kinachobaki kuonekana ukiwa umefinya macho ndicho cha kurekebisha. Majani ya kujazia yachore mwisho kabisa, baada ya kuona mapengo yako wapi.

Kushusha nusu kunasaidia, safu za kulala zinavunjika unabaki na mshazari ambao jicho linauvumilia zaidi. Ila tambua haifuti kosa, inalihamisha. Kuitengeneza: chukua kipande chako, fungua faili lenye upana mara mbili na urefu uleule, nakala ya kwanza ikae kawaida, ya pili kando yake uishushe nusu ya urefu, kile kinachotoka chini kirudishe juu. Hapo una faili linalojirudia kawaida lakini ndani yake nusu imeshashuka. Angalia pale nakala mbili zinapokutana, kama jani lilivuka ukingo litakuwa limekatika, hilo utaliziba kwa mkono.

rangi_nne_tu
Kabla hujapeleka hakiki rangi. Brashi laini inazalisha rangi za katikati kwenye kingo, wewe unajua umetumia nne kumbe faili lina mamia. Zima ule ulainishaji wa kingo, au ukimaliza chagua kila rangi kwa namba yake ujaze upya.

mzee_wa_ukuta
Mimi nitapingana kidogo na fundi hapo juu, si kila mstari ni adui. Kama safu zinakataa kujificha basi zipe kazi. William Morris, yule mbunifu Mwingereza, dizaini yake ya kwanza kabisa ya wolpepa, Trellis ya mwaka 1862, ni fremu ya mbao ya miraba mitupu, waridi linapanda humo na ndege wametua. Marudio yako wazi na hakuna anayelalamika kwa sababu miraba ndiyo mchoro wenyewe. Na kwa wale wa "mimi sijui kuchora wanyama", hao ndege Morris hakuwachora yeye, aliwachora rafiki yake Philip Webb. Sasa wewe na bustani yako ya usiku unashindwaje kuweka uzio, au madirisha yenye taa, nondo wako wakatulia humo kwa mpangilio?

Jambo jingine ambalo halijaguswa ni upana. Kitambaa kinasamehe, kitakatwa kitashonwa kitakunjwa, ukuta hausamehe. Kama unapeleka Spoonflower, wale wanaochapa vitambaa na wolpepa kwa oda mtandaoni, roli la wolpepa lina upana wa inchi 24, kwa hiyo kipande kiwe cha upana unaoingia humo bila kubaki, yaani 6, 8, 12 au 24 yenyewe. Ukileta inchi 7 ukanda wa kwanza hautakutana na wa pili, nusu ya nondo itapotea kwenye maungio. Wao wanataka pikseli 150 kwa inchi, maana yake inchi 12 ni pikseli 1800. Na hiyo hesabu ya fundi inakubali vizuri hapa: kipande cha inchi 12 ukikiweka mara mbili kwa kushusha nusu unapata 24 kamili. Lakini ukishusha nusu kipande ambacho chenyewe tayari kina 24, mbandikaji atalazimika kushusha kila ukanda wa pili na karatasi nyingi itaishia kwenye mabaki.

bintikitambaa
Kwenye suala la muda, nachofanya ni kuandika maneno yote yanayonijia kwenye mada halafu yale ya mwanzo nayafuta. Bustani usiku kila mtu atawaza mwezi, nyota, bundi. Shuka chini zaidi, nani anakula nini huko gizani, konokono yuko wapi, ua gani linafunguka watu wakiwa wamelala. Ukishapata kitu kimoja chembamba hivyo michoro inakuja yenyewe. Na kila mchoro uweke kwenye leya (tabaka) yake, wiki nyingine ikija mada ya wadudu huyo nondo unamwamsha tu.

Kumbuka pia wapiga kura wa chalenji wanaona kijipicha kidogo sana. Nondo asiyetambulika kwa umbo lake tu, hata umpambe vipi, watampita.

mzee_wa_ukuta
Hapo sawa, ila ukichora kwa ajili ya kijipicha peke yake utajikuta na nondo wa ukubwa wa sahani kwenye gauni la mtoto. Chapa karatasi moja kwa saizi halisi uone.

nondo_wa_taa
Asanteni sana wakuu. Nimeongeza nondo wawili, mmoja nimemgeuza kichwa chini, na ile barabara nyeusi aliyosema fundi kweli ilikuwepo nikaizibia konokono, safu zimepotea kabisa hata bila kushusha nusu. Wazo la uzio naliweka akiba. Swali la mwisho, nondo akiwa kichwa chini kwenye wolpepa si ataonekana wa ajabu?

fundi_marudio
Nondo hana shida, anatua vyovyote. Kwenye kitambaa ndo bora kabisa, fundi cherehani anaweza kukata upande wowote. Konokono ndo usimgeuze ukutani, na kama uzio utaingia basi vyote vikae wima.