Kufunza watoto kutengeneza mavazi ya maigizo na sanamu za fito

MamaTuk_Umoja: Habari zenu, likizo ya Agosti nataka kuleta watoto wa mtaani Jumamosi mbili hivi, ya kwanza tutengeneze mataji na mabawa ya kuvaa, ya pili tusuke ndege wakubwa wa fito. Nimeona Waingereza wanatumia wilo, vile vijiti vya mti vya kusukia, ile inapandwa Somerset huko kwao, sasa huku nitaitoa wapi? Na watoto 15 nitawaweza pekee yangu kweli?

fundi_kariokor: Mathe achana na wilo ya kuagiza. Ikishakauka lazima uiloweke siku kadhaa, halafu uifunike na gunia bichi usiku mzima ndio ikubali kupinda, ukiharakisha inakatika tu. Tumia matete ama mianzi ya kupasua nyembamba, viungo funga na katani. Na anza na mbavu za ndege, si kichwa, wengi hukosea hapo alafu inalala upande kama imelewa.

Njeri_S: Mataji katoni za dukani zinatosha, vitambaa soko la Gikomba. Gundi ya moto hapana, wangu alichomeka kidole nikalia kumliko, pika uji wa unga wa ngano mbandike magazeti, lakini na hii baridi itachukua siku mbili ama zaidi kukauka so rangi usipange siku hiyo hiyo

MamaTuk_Umoja: Hiyo ya kukauka ingeniaibisha aki, asante. Na hao 15?

fundi_kariokor: Tafuta wasaidizi wawili. Kisu ushike wewe.