Kuzuia flaiwili ya Beetle isizunguke: engo laini, kipande chenye meno au tindo?

Mwendapole: Wakuu, injini ya Volkswagen Beetle 1300 imeshashushwa na klachi imetoka. Oili sili (mpira wa kuzuia oili) ya flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa krenkishafti, inavuja. Nati ya katikati ni ya soketi 36 na inakazwa hadi Nm 300 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), sasa flaiwili inahitaji kushikwa. Kifaa cha dukani sina. Kati ya engo laini (chuma cha umbo la L kisicho na meno) iliyotobolewa, kipande cha chuma chenye meno, na kubana tindo kwenye meno ya flaiwili, ipi mnaishauri?

Spana36: Engo laini. Chukua ya milimita 40 kwa 40, unene 6, urefu mita moja. Matundu usiyapime kwa rula: laza presha pleti ya zamani (sahani ya klachi inayofungwa kwenye flaiwili) juu ya engo, chora matundu mawili yanayofuatana, piga alama kwa senta panchi, toboa kwa drili ya 9. Boliti za presha pleti ni M8, kwa hiyo nafasi ndogo inabaki. Kama ukingo wa engo unaziba nati, kata kwa grinda hadi soketi ipite bila kugusa.

Funga engo kwenye flaiwili kwa boliti zote mbili. Ukifunga moja, engo inajizungusha juu yake na nyuzi za ndani ya flaiwili zinakwisha. Ukiwa umeitazama flaiwili, wakati wa kufungua ncha ya engo iegemee chini upande wa kushoto, wakati wa kukaza upande wa kulia.

Mzee wa Karbureta: Naongezea: flati baa (chuma bapa) isitumike badala ya engo. Inajipinda, na ikijipinda soketi inateleza kwenye kona za nati.

GerejiTanga: Kipande chenye meno kina kazi yake. Kinafungwa kwenye stadi ya chini inayounganisha injini na giaboksi, kisha kinauma meno ya flaiwili. Ni kifupi, na kinashika hata klachi ikiwa bado imefungwa, jambo ambalo engo haiwezi. Kwa boliti za klachi, Nm 25 tu, kinatosha kabisa. Kwa Nm 300 sikishauri: nguvu inayofika kwenye meno inazidi kilo 200, na inabebwa na sikio la bloku ambalo ni aloi ya magnesi. Likipasuka, kulichomelea ni kazi ya fundi maalumu.

Tindo achana nayo. Mzigo uleule unaangukia jino moja. Likikatika, stata itakuwa inakwaruza kila injini ikisimama mahali hapo.

Mwendapole: Nimeelewa, engo. Na toku renchi yangu (spana ya kupimia nguvu ya kukaza) inaishia Nm 200. Nm 300 nitazipataje?

Spana36: Tumia dumu la lita 20 lililojaa maji, karibu kilo 21. Chomeka paipu ya mita 1.5, yenye uzito wa kilo 3 hivi, kwenye mkono wa soketi. Ining'inize dumu sentimita 135 kutoka katikati ya nati, paipu ikiwa imelala sawasawa. Dumu linatoa Nm 278, uzito wa paipu yenyewe Nm 22. Injini ikae juu ya meza imara, ncha ya engo itulie mezani, dumu lining'inie nje ya ukingo. Lishushe taratibu, ukiliachia ghafla, nati inakazwa kupita kiasi.

Mzee wa Karbureta: Kabla ya sili mpya, pima mchezo wa krenkishafti, yaani inavyosogea mbele na nyuma. Weka shimu (pete nyembamba za chuma) mbili bila sili, kaza nati, sukuma na kuvuta flaiwili huku ukisoma dayo geji (kipimo chenye mshale). Ukipata milimita 0.44, toa 0.10 ya mchezo unaotakiwa kubaki: shimu ya tatu ni 0.34. Mwisho lazima ziwe tatu, na mchezo ubaki kati ya milimita 0.07 na 0.13. Kwa hiyo nati utaifungua na kuikaza zaidi ya mara moja, ndiyo maana engo inalipa.

Ndani ya nati hiyo kuna beringi ya ncha ya shafti ya giaboksi. Ipake grisi kidogo tu, ikizidi inarushwa kwenye klachi pleti na klachi inaanza kuteleza.