Siku mbili Mombasa: nile nini, ninywe nini?

Mgeni_wa_Bara:
Wakuu, pilau na biriani nazijua. Vitu gani vingine nisivikose?

BiUkwaju:
Asubuhi mahamri kwa mbaazi za nazi. Wahi kabla ya saa tatu. Hamri ikipoa huwa kama mpira, na mbaazi zikichemshwa tena kwa moto mkali, tui hukatika. Hamri ya sawa inanukia hiliki na ndani ni tupu.

Kijana_Mji_wa_Kale:
Jioni viazi karai. Kiazi kilichochemshwa huchovywa kwenye uji mzito wa unga wenye manjano na chumvi, kisha karaini. Uji mwepesi humwagika, kiazi kikabaki uchi; mafuta yasipochemka, kinayanyonya. Chagua kinachotoka karaini sasa hivi, ule kwa ukwaju wa pilipili. Tomato sosi ni ya watoto!

BiUkwaju:
Haya bwana 😄 Na dafu pale bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari: sema unataka la kukomba, yaani lenye nyama laini. Ukipewa koroma, yaani dafu linaloelekea kuwa nazi, nyama ngumu na maji hayana utamu.

Mgeni_wa_Bara:
Usiku je?

Kijana_Mji_wa_Kale:
Kahawa tungu, yaani chungu, ya dele, lile birika la shaba. Haitiwi sukari, kwa hiyo shika kashata au haluwa mkononi. Usikoroge, machicha yako chini.